Gramu Nane, Gramu Kumi na Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekasirika. Daftari hili nilipewa na wenzangu wa masjala siku niliyostaafu, likakaa kabatini mwaka na zaidi kwa sababu sikuwa na la kuandika. Leo ninalo.

Abby amekuja kutoka Voi. Huyu ni binti wa mdogo wangu Wakio, anafanya kazi risepsheni kwenye kambi moja ya watalii. Chai hajamaliza, ameshatoa simu kutuonyesha picha: visahani vidogo vya duara, kama sarafu iliyonenepa. Wageni wa kambi wanacheza karata mchezo unaoitwa poka, na badala ya kuweka pesa mezani wanaweka hizo. Meneja wake amechoka na za plastiki. Anataka za udongo, mia nne, zifinyangwe hapa hapa Rukanga, na ziwe tayari tarehe tano Desemba kabla wageni wa Krismasi hawajajaa.

"Lakini hajaamua uzito," Abby akasema. "Anataka sampuli mbili, nyepesi na nzito. Achague mwenyewe."

Wakio akafuta mikono kwa leso. "Nyepesi nitafinyanga kwa udongo wa bwawa. Nzito, ni ule wa Mama."

Ule wa Mama! Alivyosema utadhani anasema sukari iko kwenye kopo.

Niandike sawasawa ili nikija kusoma nisijidanganye. Mama yetu alikuwa mfinyanzi, na kwa wafinyanzi wa kwetu mzee huzika udongo wa mtu atakayemfuata. Wa mwisho aliuzika miaka miwili kabla hajafa. Aliuchimba korongoni nyuma ya shamba, mweusi, una mchanga mzito wa chuma, akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa, akaufunika kwa majani ya mgomba chini ya jiwe uani kwa Wakio. Msimu uliofuata korongo likazibwa na maporomoko. Hakuna mwingine. Nusu debe, basi. Mama alitutoka Februari. Mimi ndiye kifungua mimba, na nataka udongo ule uwe mtungi mmoja wa kuweka kaburini tukifanya kumbukumbu ya mwaka. Sasa ati uwe vidude vya kamari? Mama aliyevaa sare ya Umoja wa Akina Mama miaka arobaini? Ng'o!

Alhamisi, 10 Oktoba

Asubuhi nzima Wakio anachambua udongo wa bwawa. Anatoa vijiwe vyeupe kimoja kimoja kwa kucha, kama anayechambua mchele wa harusi. Nimemwambia kwa mwendo huo Krismasi itamkuta kwenye ungo. Hakujibu. Wakio hajibu, ndiyo tabia yake tangu utoto, na inanichoma kuliko matusi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ameshachukua konzi moja ya udongo wa Mama kwa ajili ya sampuli. Hakuniuliza. Nilipopita nikaona jiwe limesogezwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tumekwenda Voi, mimi, Wakio na sampuli zetu ndani ya kopo la majani ya chai. Sampuli zimechomwa na zimeiva. Mimi nimekwenda kulinda, si kusaidia.

Mizani ya kupima kitu kidogo hivyo anayo Mwinyihaji, muuza viungo na udi pale sokoni. Ni ile anayopimia zafarani. Akaziweka moja moja, akavaa miwani.

"Hii gramu nane. Hii kumi na tatu." Akazitia kiganjani. "Mie kamari siijui wala sitaki kuijua, Bi Tryphena, lakini uzito naujua. Hii nyepesi yapita mkononi. Hii nzito yakaa. Ni udongo wa wapi huu?"

"Wa mamangu," nikasema.

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Mbona wanuna hivyo? Hasira hasara, dada yangu."

Nikamwambia hasara ikija ni yangu, aniachie. Akacheka, akampa Wakio iliki bure.

Kambini, meneja anaitwa Nicholas, kijana wa viatu vinavyong'aa kwenye nchi ya vumbi. Akachukua nyepesi mbili akazigonganisha. Akachukua nzito mbili akazigonganisha. Nzito zinalia, lazima niseme ukweli. Sauti ya chini, kama mtu anafunga mlango wa mvule.

"Nzito," akasema. "Hizi zina heshima."

"Nyepesi zinateleza vizuri zaidi mezani," nikasema, mimi ambaye sijashika karata tangu nizaliwe. Abby akanikanyaga mguu.

"Nzito, mama," akarudia, na tayari alikuwa anaangalia simu yake.

Dakika mbili! Mama alikaa miezi anatwanga udongo ule, na kijana ameamua kwa dakika mbili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wingu limekaa juu ya mlima Kasigau. Halijashuka.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumegombana, na nimesema mengi. Tulikuwa jikoni kwake, amepika kimanga cha muhogo na maharagwe, na mimi nilikuwa nimejiambia nitaongea polepole. Nikaongea polepole kwa muda wa sahani moja.

Nikamwambia, "Wakio, udongo ule ni wangu. Mimi ndiye mkubwa."

"Mama hakuuzika kwa ajili ya umri."

"Aliuzika kwa ajili ya nini? Watalii wacheze kamari?"

"Udongo hauzikwi ili uozee, dada. Ni wa kufinyangwa."

"Nitaufinyanga! Nitafanya mtungi."

Hapo akaniangalia mikono. Aliiangalia, hii mikono yangu ya mihuri na mafaili, miaka thelathini na minne ya masjala. Damu ikanipanda. Nikamwambia yeye alibaki nyumbani kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Nikamwambia Mama alimwonea huruma tu. Nikamwambia hata sahani anayolia chakula niliinunua mimi.

Wakio akaweka sahani chini. "Wewe ulikuwa unakuja Pasaka," akasema, "na ukija unaangalia saa."

Sikumaliza chakula. Nimerudi nyumbani kwangu. Ati naangalia saa! Nilikuwa nimeajiriwa. Mshahara ule ulileta maji ya mfereji mpaka mlangoni kwao.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wakio amekwenda matangani ng'ambo ya kilima. Nimechukua jembe, nimeinua lile jiwe, nimetoa udongo wote. Majani ya mgomba yalikuwa bado yamekunjwa vile Mama alivyokunja, pembe juu ya pembe. Nikarudisha jiwe mahali pake na kufagia.

Nimeutia ndani ya gunia lililokuwa uani, lile la chokaa iliyobaki fundi alipopaka nyumba yangu. Nililikung'uta mara mbili ukutani. Sasa liko stoo, nyuma ya mapipa, na mlango una kufuli. Sijaiba. Mtu haibi chake.

Jumapili, 27 Oktoba

Amegundua. Nilikuwa narudi kanisani nikamkuta amechuchumaa penye shimo.

"Labda ndovu," nikasema. Wiki iliyopita walipita wakamaliza pojo za jirani yetu Kalondu.

"Ndovu hawezi kurudisha jiwe mahali pake," akasema. Akainuka, akajipangusa magoti, akaingia ndani.

Basi! Hakuuliza, hakulia, hakunitukana. Nimekaa mchana kutwa nikimngoja aje anishtaki, nimeshapanga majibu yangu yote, na hakuja. Huyu mwanamke ananinyima hata ugomvi.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimejaribu mtungi stoo, mlango nimefunga. Nimekanda udongo kwa maji mpaka mabega yakauma. Nikajenga kitako, nikainua ukuta. Ukaanguka. Nikainua tena. Ukaanguka. Mara ya tatu ulisimama urefu wa kiganja, nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu, halafu ukainama polepole upande mmoja na kulala.

Nimeurudisha wote guniani kwa teke.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua imeshuka. Mabati yanapiga kelele siwezi kujisikia nikifikiri, na ni afadhali.

Ijumaa, 8 Novemba

Abby amepiga simu analia. Wakio amejaribu kuutia udongo wa bwawa mchanga wa mtoni ili upate uzito. Sarafu zote zimepasuka zikikauka.

"Mama mkubwa, mimi ndiye nilisimama mbele ya bosi nikasema mamangu anaweza," akasema. "Pale kazini mimi ni mtu wa kushika funguo na kusema karibu. Hii ndiyo mara ya kwanza nimesema kitu akasikiliza. Sasa nitamwambia nini? Ati udongo ulipotea?"

"Mwambie achukue nyepesi."

"Amechagua nzito! Ulikuwepo!" Kisha akashusha sauti. "Mama hali chakula. Anakaa tu pale penye jiwe."

Nimemkasirikia Abby, na meneja, na mvua. Nikimaliza kuwakasirikia wote nabaki na mtu mmoja, na huyo sitaki kumwandika leo.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeubeba udongo kwa beseni, kichwani, mvua inaninyeshea, nikautua mlangoni kwa Wakio. "Chukua," nikasema.

Aliuangalia muda mrefu. Akatia kidole, akanusa. "Ulikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Ndani ya nini?"

"Gunia."

"Gunia gani, dada?"

"Gunia ni gunia! Unataka na risiti?"

"Nauliza kwa sababu nataka kujua kama niuchambue upya."

"Mama si aliuchekecha kwa kitambaa? Wewe unajua kumshinda Mama?"

Akauingiza ndani. Nikarudi nimelowa chapachapa, hata asante sikupewa. Nilitaka asante, ndiyo. Nacheka nikiandika hivi, lakini nilitaka.

Alhamisi, 14 Novemba

Wakio ameniita nisaidie. Hakunibembeleza, alinitupia aproni tu.

Kazi yenyewe ni hivi: unachukua donge la ukubwa wa gololi, unaliviringisha, unalibonyeza chini ya kifuniko cha chupa ya jamu, unalainisha ukingo kwa kidole gumba kilicholowa. Ishirini za kwanza alizivunja zote bila neno na kurudisha donge kwangu. Ya ishirini na moja akaiweka ubaoni na zake.

Nisiseme uongo, nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jumatatu, 18 Novemba

Mia tatu na kumi. Mvua bado. Zinakauka juu ya meko chini ya magunia makavu, na Wakio anazigeuza kama mandazi.

Leo nimeona kidole chake cha mwisho, mkono wa kulia. Kimepinda, hakinyooki. Nikamuuliza tangu lini. "Mama alipoanguka bafuni," akasema. "Nilimdaka vibaya." Hiyo ni miaka sita iliyopita. Nilikuwa nimekuja Pasaka ile, nikala kuku, nikaondoka, sikuona.

Tumeongea mambo mengine pia. Tumecheka habari ya Mama na yule mchungaji aliyeuziwa mtungi akaurudisha ati unavuja, kumbe mchungaji aliuweka kwenye friza, akautoboa mwenyewe akitoa barafu. Sijacheka hivyo tangu mazishi. Halafu nikakumbuka zile ni sarafu za kamari, nikanuna tena, lakini kwa nusu moyo.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua imepumzika siku mbili na leo tumechoma. Kuni za mkwaju, samadi kavu, vigae juu. Wakio aliuzunguka moto toka alfajiri mpaka saa kumi alasiri, hataki mtu amsemeshe. Tulipofukua zilikuwa nyekundu ya kuungua, zote, mia nne na kumi na mbili. Akachukua mbili akazigonganisha karibu na sikio langu.

Zililia. Mlango wa mvule.

"Sikia Mama," Wakio akasema. Nikageuka nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Amechoma pia mia nne na kitu za udongo wa bwawa, nyepesi, pembeni ya moto. Nikamuuliza za nini. "Mtu hatoki bila akiba," akasema.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua ya siku tano. Nguo hazikauki, chumvi imekuwa maji. Wakio ameniambia sarafu moja imebanduka ukingo. Nikamwambia moja kati ya mia nne si kitu.

Ijumaa, 29 Novemba

Arobaini.

Jumapili, 1 Desemba

Sikwenda kanisani.

Asubuhi Wakio aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Sanduku lilikuwa mezani, limefunuliwa. Ukinyamaza unasikia: tik. Halafu kimya. Halafu tik, tik. Sarafu zinajipasua zenyewe, zimekaa tu, hakuna aliyezigusa. Uso unabanduka kama gamba la kidonda, na katikati ya kila kidonda kuna kidoa cheupe.

Wakio akachukua moja. Akatia ulimi penye kile kidoa. Akatema.

"Chokaa," akasema.

Nilikuwa na miaka saba au minane. Mama ameketi na ungo mapajani, ameshika kijiwe cheupe kati ya vidole viwili, ananionyesha. *Huyu ndiye adui. Motoni ananyamaza. Ukishamaliza kazi, ukishafurahi, anakunywa unyevu wa hewa, anavimba, anakupasulia chombo.* Kitu cha kwanza alichonifundisha, kabla ya kushika udongo wenyewe. Yule mtoto alijua. Na mimi, mzee wa miaka sitini na moja, nilikicheka kijiwe hicho kwenye ungo wa Wakio, kisha nikautia udongo wa Mama kwenye gunia la chokaa, na nikaukanda, na nikaurudisha kwa teke.

Wakio alikuwa ananiangalia. "Gunia gani, dada?"

Ningeweza kusema ni la mahindi. Nimefikiria hilo, nalikiri hapa. Tik, ikafanya sarafu nyingine.

"La chokaa," nikasema. "Lile la fundi."

Nikadhani atanyamaza kama kawaida. Hakunyamaza. Mdogo wangu ambaye hajapaza sauti tangu tuzaliwe alipiga meza kwa kiganja mpaka sanduku likaruka.

"Nilikuuliza! Nilisimama pale mlangoni nikakuuliza, ungenijibu neno moja tu! Ningeuchambua hata mwezi mzima, ningeuchekecha upya! Neno moja, Tryphena!" Hajawahi kuniita kwa jina. "Unajua ule udongo ulikuwa wa nani? Mama alikuwa na miaka themanini na moja anachimba, mimi nimemshika kiuno asiporomoke korongoni. Nikamwambia, Mama, ninao wa kutosha. Akasema, huu si wako. Huu ni wa Tryphena. Akistaafu atarudi, na atakuwa hana la kufanya na mikono yake. Umfundishe."

Nikashika kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Kabla sijafungua mdomo umeshadai. Ni wangu, mimi ndiye mkubwa, nitafanya mtungi. Mtungi! Mtu anaanza na mtungi? Abby alipoleta habari ya sarafu nikasema Mungu amejibu. Kitu kidogo, cha duara, mia nne. Mtu akifinyanga mia nne za kitu kimoja mkono unafunguka. Nilitaka tuzifinyange mimi na wewe, kutoka mwanzo. Halafu ukiwa tayari, na hata kama ni kwa udongo wa bwawa, ufanye huo mtungi wako."

Akatoka nje kwenye mvua bila kujifunika. Nikabaki na sanduku. Nimehesabu mara nyingi hasira za msimu huu, za meneja, za Abby, za mvua, za Wakio asiyejibu. Zote nilizipeleka kwa watu wasiohusika. Hasira ni yangu na ningejipiga nayo kama ingekuwa fimbo.

Alhamisi, 5 Desemba

Tumepeleka nyepesi, zile za akiba. Wakio alilipakata sanduku tangu Rukanga mpaka getini.

Nicholas akachukua mbili, akazigonganisha, akazitelezesha mezani. "Safi sana," akasema. "Hizi ndizo nilichagua, ama?"

Abby akafungua mdomo. Nikamwahi. "Ulichagua nzito. Nzito zimeharibika. Nimeziharibu mimi, si wao."

"Aa, hakuna shida, mama. Mimi hata sioni tofauti."

Haoni tofauti! Gramu tano! Tumechinjana sisi kwa gramu tano, nimempoteza mama yangu mara ya pili, na huyu haoni tofauti. Nilimwangalia viatu vyake na nikaumeza ulimi wangu mzima mzima. Wakio aliniona nikiumeza. Nadhani karibu acheke.

Jumapili, 8 Desemba

Kati ya nzito zote imebaki moja nzima. Nimeiweka dirishani. Kila nikipita nasubiri ilie.

Mchana nilikwenda kwa Wakio bila kuitwa. Alikuwa na ungo wa udongo wa bwawa. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikaketi kwenye kigoda cha Mama. Baada ya muda akausukuma ungo mpaka magotini pangu.

"Chambua," akasema.

Nimechambua kwa kucha, kimoja kimoja, mpaka jua likaegemea kilima. Nimetoa vijiwe vyeupe kumi na saba na kuvipanga sakafuni. Nikamwambia nimemaliza. Wakio akapitisha mkono wake juu ya udongo, polepole, kile kidole kilichopinda kikiburura nyuma. Akasimama mahali pamoja. Akatoa cha kumi na nane, kidogo kuliko punje ya mtama, akakiweka mbele yangu pamoja na vingine.

Nikaurudisha ungo mapajani na kuanza tena.